Siti binti Saad: Binti wa mfinyanzi aliyeanzisha ukoo wa waimbaji

Makala ya leo nayaandika nikiwa Ndabibi, mbali na bahari yetu. Kwa asiyepajua, ukitoka mji wa Naivasha unashika barabara ya kusini mwa ziwa, unayapita mashamba ya maua mpaka Kongoni, kisha unaendelea kupanda, ziwa likibaki nyuma, mlima Eburru ukikaa mbele na safu za Mau upande wa magharibi. Watu wa huku hulima mahindi, viazi na maharagwe, na wengine hushuka alfajiri kwenda vibarua vya maua. Kazi ndiyo iliyonileta na jamaa yangu, na usiku wa baridi sisi tuliozoea joto la Mombasa hujifungia ndani mapema, tukawasha jiko la makaa mlangoni hadi litulie, tukaliingiza ndani.

Jioni moja binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliniletea barua kutoka kwa mwalimu wake. Shule inajiandaa kwa tamasha la muziki, na mwalimu anamtaka mtoto aimbe peke yake kipande cha Kiswahili chenye mahadhi ya pwani. Anataka idhini ya mzazi. Niliisoma barua, nikaikunja, nikamjibu haraka haraka kwamba sisi si ukoo wa waimbaji. Babu yake alikuwa fundi wa mashua, bibi yake alichoma vitumbua, shangazi zake ni washonaji. Nikamwambia uimbaji una wenyewe.

Mtoto hakubishana. Aliuliza swali moja tu, kwa adabu. Alitaka kujua kwa Siti binti Saad nani alikuwa mwimbaji kabla yake.

Nilinyamaza. Kosa lilikuwa langu, maana sauti ya Siti ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye simu yangu wakati ule ule, ile sauti kavu ya santuri za zamani inayopasuapasua, ninayoisikiliza karibu kila usiku nikikumbuka nyumbani. Mtoto ameisikia tangu utotoni. Basi nikaona ni wajibu nimjibu vizuri, na nikimjibu yeye niwajibu na wengine wengi wa kwetu ambao, wakiona kipaji, kwanza huuliza mtoto ni wa nani.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880, katika zama za Sayyid Barghash. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi. Mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Walikuwa watu wa tabaka la chini kabisa katika Unguja ya siku zile, wazao wa watu walioletwa kisiwani na utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko hakukumaliza utumwa majumbani na mashambani. Ilibidi kusubiri hadi 1897 ndipo sheria ilipoacha kuutambua utumwa, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Mtoto alizaliwa katikati ya hali hiyo, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hilo ndilo jina lililoitwa uani kwao alipokuwa anaitwa kula au kutumwa kisimani.

Baba alikuwa mkulima na mama mfinyanzi. Madrasa hakupelekwa, shule hakuiona. Elimu aliyopata ilikuwa ya udongo: kuuchimba, kuukanda, kuutoa mawe, kuufinyanga kwa mkono mpaka uwe chungu au mtungi, kuuanika kivulini na mwisho kuuchoma motoni. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mwana wa mfinyanzi naye alifinyanga. Kwao hakukuwa na udi ukutani, wala fidla, wala mzee aliyekaa barazani akifundisha mahadhi. Ukitafuta ukoo wa muziki katika nyumba ile ya Fumba hutaupata.

Kilichokuwepo ni biashara. Vyungu vilivyofinyangwa Fumba soko lake lilikuwa mjini, na mjini watu walifika kwa miguu, mzigo kichwani. Mchuuzi hana budi kutangaza alichobeba, na Mtumwa binti Saad alitangaza vyungu vyake kwa kuimba. Inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kumwona, wakatoka nje kununua mtungi na wengine wakatoka kusikiliza tu. Mimi nikifikiria jambo hili huona kwamba chuo chake cha muziki kilikuwa njia ile ya Fumba. Pumzi ndefu aliipata kwa kutembea na mzigo. Kuifikisha sauti mbali bila kuikwaruza alijifunza kwa sababu asiyesikika hauzi.

Mwaka 1911 unatajwa kuwa ndio aliohamia mjini moja kwa moja. Mwaka huo huo Sayyid Khalifa bin Harub alishika usultani, naye aliutawala mpaka 1960, kwa hiyo karibu maisha yote ya Siti ya uimbaji yalipita chini ya sultani mmoja, na juu ya sultani kulikuwa na Waingereza, walioifanya Unguja nchi ya himaya yao tangu 1890.

Wakati huo taarabu ilikuwa na wenyewe kwelikweli. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash ndiye aliyeuleta muziki huu kutoka Misri na kumpeleka kijana wake huko akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Wanachama walikuwa wanaume, watu wa nyumba zinazojulikana, na lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Msikilizaji wa kawaida aliufurahia mdundo na sauti, lakini maneno yalimpita. Mwanamke kuketi mbele ya udi na fidla akaimba halikuwa jambo la kufikirika, sembuse mwanamke kutoka shamba aliyeitwa Mtumwa.

Ilitokea kwamba mwanamuziki mmoja wa chama hicho aliisikia sauti yake akavutiwa nayo. Badala ya kuishia kusifu, alikaa akamfundisha. Akamwonyesha namna ya kuimba pamoja na ala, akamtia katika mahadhi ya Kiarabu, kisha akamjulisha kwa wapigaji wenzake. Kuna jambo dogo hapa ambalo naomba msomaji alishike. Kipaji kilikuwa cha Siti, lakini mlango ulifunguliwa na mtu mwingine, mtu wa ndani aliyekuwa na uwezo wa kuufunga akaamua kuufungua. Vipaji vingapi vimepita barabarani vikiuza vyungu, na waliosikia wakanunua chungu wakarudi ndani?

Jina lilibadilika mjini. Akaacha kuitwa Mtumwa akaitwa Siti, neno la Kiarabu la kumtaja bibi mwenye heshima. Jina hilo ndilo lililomkaa mpaka kaburini.

Lakini jina jipya halikuwanyamazisha wenye midomo. Sifa zake zilipopanda, zilitungwa beti za kumkebehi zilizoimbwa mitaani, zikiuliza tangu lini naye amekuwa mtu, zikimkumbusha kwamba aliingia mjini amevaa kaniki. Vijana wa leo huenda hawalijui neno hili. Kaniki ni kitambaa cheusi cha rahisi ambacho watumwa na maskini walivaa. Baada ya utumwa kuondolewa wanawake wa Unguja waliikimbia kaniki kama ugonjwa, wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui, kwa sababu nguo ilikuwa inatangaza kwamba aliyevaa ni mtu huru. Kumwambia mwanamke mbele za watu kwamba alikuja na kaniki kulikuwa ni kumvua nguo hadharani.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakuikana Fumba wala hakujitungia nasaba ya uongo, jambo ambalo wengi walifanya na wengine bado wanafanya. Jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba sura nzuri na jadi tukufu si hoja, na mwenye hasara ni yule aliyenyimwa akili. Wimbo ule wa jibu ukapendwa kuliko tusi lililouzaa. Leo hakuna anayewakumbuka waliotunga kejeli; maneno yao yamebaki kwa sababu tu yalimgusa Siti.

Akajikusanyia wenzake. Alikuwapo Subeit bin Ambar, alikuwapo Maalim Shaaban, alikuwapo Buda. Na sisi wa Mombasa tuna haki ya kujivunia mmoja wao, Mbaruk Talsam aliyejulikana kwa jina la Effendi, mpiga udi na mwimbaji kipofu aliyetoka kwetu. Angalia kundi lenyewe: mwanamke wa asili ya utumwa na kipofu wa Mombasa, wanaketi pamoja, wanatunga pamoja na kusahihishana. Mazoezi yalifanyika nyumbani kwa Siti, mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ambako watu maskini na wazao wa watumwa walijenga nyumba za udongo na makuti. Watu wa mtaani walikuja kusikiliza na kuzungumza ya siku hiyo. Ikulu pia walimwita, na matajiri walimwita kwenye harusi zao. Lakini baraza lake lilikuwa Ng'ambo.

Mwaka 1928 kampuni ya sahani za santuri ya His Master's Voice iliwachukua Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay, India, wakarekodiwa nyimbo kwa Kiswahili. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake katika sahani. Zilikuwa zile sahani nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukibeba kama dakika tatu hivi, zikipigwa kwa gramafoni ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Watengenezaji walikuwa wanabahatisha tu, wakijaribu kuona kama mtu wa pwani atatoa fedha kununua lugha yake mwenyewe. Sahani zikanunuliwa kwa maelfu na makumi ya maelfu. Kampuni nyingine zilipoona hivyo nazo zikaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Tukio hili lina uzito kuliko tunavyoupima. Kabla ya hapo, aliyetaka taarabu aliitafuta kwa Kiarabu. Baada ya hapo, mvuvi na mchukuzi wa bandarini aliweza kuketi mkahawani, gramafoni ikazungushwa, akasikia mambo yake kwa lugha yake. Bibi zetu waliokuwa wamezuiwa nyumbani nao waliisikia sauti ya mwanamke mwenzao ikitoka katika sanduku. Kiswahili ambacho mwenye nyumba na mtumwa wote walikitumia, lakini kikidharauliwa kuwa si lugha ya sanaa tukufu, kilipanda juu ya meza ya sultani na hakikushuka tena. Kila mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam aliyekuja baadaye alitembea katika njia iliyofyekwa na mwanamke huyu.

Na aliimba nini? Mapenzi yalikuwemo, maana taarabu bila mapenzi si taarabu. Lakini aliimba pia mambo ya mahakama, ya wakubwa wanaodhulumu wanyonge, ya waume wanaopiga wake zao. Mwaka ule ule wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa wanakataa kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Siti alikuwa jirani yao. Kilichozungumzwa barazani mchana kiliweza kuwa wimbo usiku.

Wimbo wake unaojulikana zaidi katika nyimbo za namna hii unaitwa Kijiti. Unahusu tukio la kweli. Mwanamke mgeni aliyefika Unguja alichukuliwa matembezini na mtu aliyeitwa Kijiti, akauawa. Muuaji akavuka bahari kukimbilia bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, mashahidi wakageuka washtakiwa. Gazeti la serikali lingeandika mistari michache kisha lisahau. Siti na wenzake waliutia msiba ule katika wimbo, kwa jina la muuaji, na jina hilo limebaki limetundikwa hadharani kwa karibu miaka mia. Kila unapopigwa, Kijiti anashtakiwa upya. Mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika aliandika hukumu ambayo korti haikuiandika.

Tukija katika dini, najua wako wasomaji wangu ambao hawaridhii muziki, na masheikh wetu wana kauli zao katika jambo hili ambazo mimi si mtu wa kuziamua. Nitasema niliyo na uhakika nayo tu. Siti alikuwa Mwislamu aliyeishi katika jamii ya Kiislamu, alijisitiri, na aliitumia sauti yake kumsemea aliyedhulumiwa. Anayemhukumu na ayaweke na hayo katika mizani.

Siti binti Saad alifariki dunia Unguja tarehe 8 Julai 1950. Alikuwa ametimiza kiasi cha miaka sabini. Hakuacha kitabu alichoandika kwa mkono wake, lakini aliandikiwa. Shaaban Robert wa Tanga, mwandishi tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili, alitunga Wasifu wa Siti binti Saad, na kwa miaka mingi wanafunzi wa Afrika Mashariki walikisoma kitabu hicho darasani. Shaaban Robert angeweza kuwaandikia wasifu masultani na magavana. Alimchagua binti wa mfinyanzi. Baadaye, wanahabari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987 na kuanzisha jarida, walilipa jina la Sauti ya Siti. Walikuwa na majina mengi ya kuchagua, na wakaona mwanamke aliyesema hadharani kabla yao wote alikuwa yeye.

Sasa nirudi kwenye swali la binti yangu. Kabla ya Siti, kwao hapakuwa na mwimbaji. Baada yake je?

Alikuwapo Fatuma binti Baraka, yule Bi Kidude tuliyemzika mwezi wa Aprili mwaka 2013. Baba yake alikuwa mfanyabiashara ya nazi. Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akazichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa njia yake mwenyewe mpaka uzeeni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Hakuwa na damu moja na Siti, lakini aliurithi wimbo. Kisha mwaka 2020 ilitoka albamu iitwayo Siti of Unguja, na anayeimba humo ni Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad. Jina la bibi, nyimbo za bibi, koo la kitukuu. Leo akiulizwa Siti Muharam ni wa nani, jibu linatoka bila kusita kwamba yeye ni wa ukoo wa waimbaji, na watu wanatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba ukoo huo ulikuwapo tangu Nuhu. Nao ulianza Fumba, kichwani mwa mtu mmoja aliyebeba vyungu.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Huko Azerbaijan, nchi ya Waislamu iliyo kando ya Bahari ya Kaspi, wana uimbaji wao wa jadi uitwao mugham, unaofundishwa na mwalimu kwa mwanafunzi kwa kusikiliza na kukariri, na UNESCO imeuweka katika urithi wa binadamu. Mmoja wa mabingwa wake wakubwa, Alim Qasimov, huketi jukwaani na binti yake Fargana, baba anaimba, binti anapokea. Nimewatazama mara nyingi kwenye simu hapa Ndabibi, intaneti inapokubali. Kinachonigusa kila mara ni jinsi baba anavyonyamaza kumpisha mtoto. Watu wakiona nyumba kama ile husema kipaji ni damu. Mimi naona pia mzazi aliyeamua kumfundisha binti yake na kuketi naye mbele za watu bila haya.

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuutaja. Mtu akija kuposa, kabla ya kuuliza kama anaswali na kama ana kazi, tunauliza ni wa kabila gani, ukoo gani, babu yake alitoka wapi. Zipo familia ambazo hadi leo zinanong'onezewa kwamba babu zao walikuwa watumwa, na mabinti wao wanakosa waume kwa mnong'ono huo. Nimehudhuria vikao vya posa vilivyovunjika kwa sababu hiyo, na nasema kwa aibu kwamba nilikaa kimya. Utumwa ulifutwa kwenye sheria kabla babu zangu hawajazaliwa, lakini kaniki bado tunaikagua. Kisha jioni ile ile tunarudi nyumbani tunaweka wimbo wa Siti binti Saad, tunatikisa kichwa, tunasema hii ndiyo taarabu ya asili. Tunaila sauti yake na kuikataa nasaba yake.

Na mimi nilifanya jambo hilo hilo kwa mtoto wangu mwenyewe, kwa mlango mwingine. Sikumuuliza kama anaweza kuimba. Nilimpima kwa babu yake.

Huku Ndabibi nimejifunza kitu ambacho nyumbani nisingejifunza upesi. Majirani zangu walitoka kila upande: yuko Mkikuyu, Mmaasai, Mluo, Mluhya, Mkisii, Mturkana. Hapa hakuna anayejua babu yangu alikuwa nani, na hakuna anayejali. Wanaangalia kama shamba limepaliliwa na kama mgonjwa akipelekwa hospitali usiku nitatoka kusaidia kusukuma gari. Mwalimu aliyeandika barua ile hakuuliza ukoo wa mtoto. Alimsikia akiimba darasani, akachukua karatasi na kalamu. Amefanya alichofanya mwanamuziki yule wa Ikhwani Safaa zaidi ya miaka mia iliyopita. Mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kununua chungu na kurudi ndani.

Asubuhi ya pili yake niliitia sahihi barua. Nikamweleza binti yangu masharti yangu: masomo kwanza, stara yake asiiache, na maneno ya wimbo nitayapitia mimi kabla hajayakariri. Akakubali yote kwa haraka iliyonifanya nishuku kwamba hakuyasikia. Mama yake alicheka. Jioni nikirudi kazini humsikia jikoni akijizoeza huku akipepeta mchele, na ninapokaribia hunyamaza kwa haya. Siku hizi nimejifunza kusimama nje kidogo, kwenye baridi, mpaka amalize beti.

Huenda hatafika hata daraja ya kaunti. Huenda mwaka ujao atataka kuwa daktari wa mifugo, akasahau muziki wote. Hiyo ni heri yake. Lakini hatakuja kusema kwamba alinyamazishwa na baba yake kwa sababu babu alikuwa fundi wa mashua.

Mzazi unayesoma makala haya ukiwa Mombasa, Malindi, Kwale, Lamu au popote ulipo, mtoto akikuletea kipaji ambacho hakikuwahi kuonekana nyumbani kwenu, usikimbilie kuhesabu mababu. Kila ukoo una wa kwanza wake. Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, ayasamehe makosa yake na yetu, na awarehemu wazazi wake wawili, mkulima na mfinyanzi wa Fumba, ambao hakuna aliyewauliza ukoo wao ila kwa kuwadharau. Amin.